Maji yananuka yai viza na bafuni kunanuka chemba: hili ni tatizo moja au ni mawili?

#1 Mpangaji wa Kibada

Salaam, wakuu. Naomba ushauri kabla vigae havijavunjwa.

Tumepanga nyumba Kibada, Kigamboni. Maji hutoka katika kisima kirefu cha mwenye nyumba, hupandishwa kwa pampu hadi kwenye simtanki la lita 5,000 lililo juu ya mnara, na siku ambazo maji ya mamlaka yanatoka, huingizwa katika tanki hilohilo. Tangu masika yaishe, mtu anayefungua koki ya beseni la bafu letu asubuhi hupigwa na harufu ya yai viza, ambayo hupungua maji yakishatiririka kwa muda. Koki ya jikoni hainuki kiasi hicho. Bafu la wageni, ambalo hupita wiki nyingi bila kutumiwa, lina harufu nyingine kabisa, nzito, ya chemba, nayo huzidi usiku.

Fundi wa kwanza alisema kisima kimekufa. Aliyemfuata aliinama, akanusa, akasema bomba limepasuka chini ya sakafu na kwamba vigae vyote vya bafu la wageni ving'olewe. Mama mwenye nyumba anashikilia kwamba kabla hatujahamia hapakuwa na harufu yoyote. Nianzie wapi?

#2 Koki Kavu

Anza kwa kutenganisha maji safi na njia ya maji machafu, kwa sababu watu wengi hulaumu maji kumbe kinachonuka ni beseni lililo chini ya koki. Chukua glasi safi, kinga maji asubuhi kabla mtu mwingine hajafungua koki, kisha toka nayo hadi barazani na unuse ukiwa huko. Maji yasiponuka nje, harufu inatoka kwenye beseni. Usisahau lile tundu dogo la pembeni linalozuia beseni lisifurike. Ndani yake hujengeka utelezi mweusi wa sabuni, mate na dawa ya meno, na sijaona nyumba ambamo kuna mtu mwenye zamu ya kulisafisha. Brashi ya kuoshea chupa ya mtoto huingia vizuri.

#3 Bi Shomvi

Kwa hiyo mama mwenye nyumba anaamini kwamba mlihama na harufu pamoja na makochi. Hakikisheni haijaandikwa kwenye mkataba kama mali ya mpangaji.

#4 Fundi Mstaafu

Ndugu yangu wa #1, usivunje kigae hata kimoja. Umesema mwenyewe kwamba bafu la wageni halitumiki. Chini ya kile kichujio cha sakafuni kuna trapu, yaani kipinde kinachobaki na maji muda wote ili hewa ya shimo isipande ndani. Kina cha maji hayo kwa kawaida ni milimita 50 hadi 75 tu, na bafu lisipotumiwa kwa wiki kadhaa katika joto la Dar es Salaam, maji hukauka na njia hubaki wazi kutoka kwenye shimo hadi puani mwako. Mwaga ndoo moja ya maji taratibu, kisha ongeza vijiko viwili vitatu vya mafuta ya kupikia, ambayo huelea juu na kuchelewesha maji kukauka. Fanya vivyo hivyo kwa beseni na choo cha bafu hilo. Harufu ikiisha, umeokoa fedha za vigae.

Kuhusu harufu ya yai viza kwenye koki, hilo ni la wataalamu wa maji. Mimi ni mtu wa mabomba.

#5 Mpimamaji

Nafanya kazi ya kupima ubora wa maji, na harufu ya yai viza haina siri kubwa. Ni gesi ya haidrojeni salfaidi. Katika visima vya ukanda wa pwani hutokea pale ambapo maji yana salfeti (aina ya chumvi yenye salfa) nyingi, mara nyingi kwa sababu maji ya bahari yamesogea chini ya ardhi (maji ya bahari hubeba takriban miligramu 2,700 za salfeti kwa lita), na ndani ya kisima au bomba hakuna hewa. Bakteria wanaoishi pasipo oksijeni huitumia salfeti hiyo na kuacha gesi. Pua huanza kuitambua gesi hiyo katika maji ikiwa imefikia kati ya miligramu 0.05 na 0.1 kwa lita, kiasi kidogo mno, na kwa sababu hiyo harufu kali haina maana kwamba maji yana sumu nyingi. Vilevile maji yasiyonuka yanaweza kuwa na vimelea vya kinyesi, kwa hiyo pua peke yake haitoshi kuhukumu.

Swali langu ni moja. Je, maji yakichotwa pale pampu inapotolea, kabla hayajafika kwenye tanki, yananuka?

#6 Mzee wa Mji Mwema

Namuunga mkono Mpimamaji kuhusu kisima, ila yeye ametazama baharini na mimi natazama kwa jirani. Huku Kigamboni maji ya ardhini yako karibu sana na uso wa ardhi. Masika yakipamba moto, mashimo ya kunyonya maji machafu hujaa, na wapo majirani wanaosubiri mvua inyeshe usiku ili watapishe vyoo. Mtoa mada ameeleza kwamba tatizo lilianza baada ya masika. Pimeni umbali kutoka kisimani hadi kwenye shimo lenu na mashimo ya majirani. Umbali unaopendekezwa mara nyingi ni mita 30 au zaidi, na katika viwanja vyetu vya kupimiana kwa hatua sijui ni nani anaoufikia.

#7 Mama Ntilie wa Zamani

Mimi nilikuwa na harufu jikoni na niliimaliza kwa magadi na siki. Unamwaga magadi ya unga kwenye sinki, unafuatisha siki, povu linapanda, unasubiri, unamalizia na maji ya moto.

#8 Koki Kavu

Dada, povu hilo hufurahisha macho, lakini magadi na siki vikikutana huuana nguvu na kinachobaki ni maji yenye chumvi kidogo na hewa ya kaboni. Kilichosaidia ni maji ya moto yaliyoyeyusha mafuta. Angalia tu yasiwe yanachemka ukitumia mabomba ya plastiki ya PVC, kwa sababu huanza kulegea na maungio yake huvuja.

#9 Mama Ntilie wa Zamani

Asante, mwalimu. Harufu haijasoma kemia, na hadi leo haijarudi.

#10 Mtu wa Muscat

Ninaishi Muscat. Nyumba za huku zina viyoyozi na feni za kutoa hewa katika kila bafu, na tatizo la harufu ya chemba ni la kila siku. Feni inapovuta hewa ya bafuni huku mlango na madirisha vimefungwa, hewa ya kufidia hutafuta njia nyingine, na njia rahisi ni trapu iliyokauka au iliyo na maji machache. Ukizima feni, harufu hutoweka, kisha watu husema feni ndiyo inayonuka. Sababu nyingine ambayo mafundi wengi huisahau ni bomba la maji ya kiyoyozi. Likichomekwa moja kwa moja kwenye bomba la maji machafu bila trapu, chumba cha kulala hunuka choo, na mwenye nyumba anaweza kubadilisha godoro kabla hajafikiria kiyoyozi. Mtoa mada, je, bafu la wageni lina feni? Na kiyoyozi kinamwaga maji yake wapi?

#11 Mpangaji wa Kibada

Nawashukuru wote. Naleta majibu.

Maji ya pale pampu inapotolea yana harufu hafifu ya yai viza, nayo hutoweka maji yakiachwa wazi kwenye ndoo. Maji niliyochota kwa kopo kutoka juu ya tanki hayanuki kabisa. Glasi ya asubuhi kutoka kwenye beseni la bafu letu ilinuka hadi barazani, ya jioni haikunuka. Jikoni ni harufu ya mbali tu, asubuhi peke yake.

Bafu la wageni nililimwagia maji kama alivyoelekeza Fundi Mstaafu na harufu ikakata palepale. Kesho yake usiku ikarudi. Feni ipo, na huwashwa na taa kwa swichi moja. Kiyoyozi kinamwaga maji nje, ukutani.

#12 Hita Imezimwa

Kuna jambo halijaulizwa tangu uzi uanze. Je, beseni la bafu lenu lina koki ya maji ya moto, na hita ni ya tanki la umeme? Maana jikoni kwenye nyumba nyingi hakuna maji ya moto, na tofauti ya harufu kati ya jikoni na bafuni inaweza kuwa imejificha hapo.

Ndani ya hita nyingi za tanki kuna fimbo ya magnesiamu, ambayo kazi yake ni kuliwa na kutu badala ya tanki la chuma. Fimbo hiyo inapoliwa huwapa bakteria wa salfeti mazingira wanayoyapenda, na maji ya kisima yenye salfeti yakikaa humo usiku kucha katika uvuguvugu, asubuhi hutoka na harufu kali kuliko yalivyoingia. Wanaopunguza joto ili kuokoa umeme huongeza tatizo, kwa kuwa bakteria hao hustawi penye uvuguvugu na hufa joto likifika nyuzi 60 na kuendelea. Dawa ni kubadilisha fimbo na kuweka ya aluminiamu yenye zinki, au kupandisha joto kwa saa kadhaa kisha kufungulia maji yote yatoke, huku mkichunga watoto wasije wakaungua. Msikubali fundi aing'oe fimbo na kuziba tundu, kwa sababu harufu itaisha na tanki litatoboka.

#13 Fundi Mstaafu

Haya ya hita nayakubali, nimeyaona mara nyingi. Narudi kwenye bafu la wageni, kwani maji ya trapu hayawezi kukauka kwa usiku mmoja. Maji yanaondoka, na yanaondoka kwa njia mbili tu. Ama trapu yenyewe ina ufa na inavujia chini, ama yananyonywa. Nyumba nyingi za siku hizi hujengwa bila bomba la kupumulia lililopanda hadi juu ya paa, au lipo lakini limezibwa. Choo kikimwagiwa maji, lile tonge la maji linaloshuka huvuta hewa nyuma yake, na hewa isipopatikana juu, huvutwa kupitia trapu iliyo karibu pamoja na maji yake. Jaza trapu, mulika tochi kupitia kichujio, kisha mtu mwingine avute maji ya choo. Maji yakitikisika, yakishuka au yakitoa sauti ya kugugumia, tatizo ni pumzi. Yakitulia tuli na kesho ukayakuta yamepungua, ni ufa.

#14 Ubani na Udi

Kuna kipimo cha zamani cha kutafuta ufa. Unafungua chemba ya nje, unaweka chetezo chenye makaa na ubani, unafunika, halafu unaingia ndani na kuangalia moshi unatokea wapi. Moshi haudanganyi.

#15 Mpimamaji

Tafadhali, asijaribu mtu kipimo cha #14. Ndani ya chemba na mashimo kuna methani, ambayo hushika moto, na haidrojeni salfaidi, ambayo pia huwaka. Mafundi wenye vifaa hupuliza moshi baridi wa mashine ndani ya mabomba, wala si makaa.

Na kwa kuwa tumefika kwenye mashimo, mtu yeyote asiingie wala kuingiza kichwa ndani ya shimo kuangalia. Gesi hiyo ikiwa kidogo hunuka sana, lakini ikifika takriban sehemu 100 kwa milioni katika hewa, pua hupooza na mtu hudhani hewa imesafika. Watu wamekufa katika mashimo ya choo nchini kwetu, na mara nyingi wa pili kufa ni yule aliyeshuka kumwokoa wa kwanza.

#16 Ubani na Udi

Nimesikia. Ubani utabaki sebuleni.

#17 Sangara wa Mwanza

Huku Ziwa Victoria tuna ugonjwa mwingine. Kuna vipindi ambapo maji ya bomba hunuka tope, kama ardhi iliyonyeshewa mvua. Chanzo huwa ni bakteria wa kijani-buluu ziwani, ambao wengi huwaita mwani, wanaotoa kitu kinachoitwa jeosmini, ambacho pua hukitambua kikiwa nanogramu chache tu kwa lita. Klorini haikiondoi vizuri, mkaa maalumu wa kuchujia ndio unaosaidia. Nimelitaja kwa sababu Kibada nako wanachanganya maji ya mamlaka na ya kisima, na sikuona mtoa mada akieleza kama siku za maji ya mamlaka harufu hubadilika.

#18 Mpimamaji

Swali la #17 ni zuri kuliko linavyoonekana. Maji ya mamlaka huja na mabaki ya klorini, ambayo Shirika la Afya Duniani linapendekeza yasipungue miligramu 0.2 kwa lita yanapomfikia mtumiaji. Ukiyachanganya na maji ya kisima yenye haidrojeni salfaidi, klorini hutumika yote katika kupambana na gesi hiyo, na tanki hubaki bila kinga. Huo mchanganyiko ukiingia kwenye bomba refu na kulala usiku kucha, bakteria hurudi kazini ndani ya utelezi wa mabomba. Kwa mtazamo wangu, hali ya jikoni inaelezwa hivyo, bila hita kuhusika.

#19 Mzee wa Mji Mwema

Na choo cha jirani hakihusiki?

#20 Mpimamaji

Kinaweza kuhusika, mzee, na ndiyo sababu ninasisitiza kipimo cha vimelea. Maabara za ubora wa maji za Wizara ya Maji hupokea sampuli. Omba chupa iliyotakaswa, safisha mdomo wa koki, usiguse ndani ya kifuniko, weka chupa kwenye baridi na uifikishe haraka, siku hiyohiyo ikiwezekana. Sampuli ya gesi huhitaji chupa yake yenye kemikali ya kuishikilia, ijazwe hadi juu bila kuacha hewa, la sivyo itafika maabara haina kitu na utaambiwa maji yako ni safi. Hadi majibu yatoke, chemsheni maji ya kunywa.

#21 Koki Kavu

Wakati anasubiri maabara, si angetia dawa ya klorini kwenye tanki? Fundi wetu hutumia nusu kikombe cha dawa ya kung'arishia nguo kwa tanki zima.

#22 Mpimamaji

Nusu kikombe katika lita 5,000 ni kulitania tanki. Kwanza maji yamwagwe, na tope la chini liondolewe kwa brashi. Kisha kutakasa kwa kiwango cha miligramu 50 kwa lita kunahitaji gramu 250 za klorini, ambazo kwa dawa yenye nguvu ya asilimia 3.5 ni takriban lita 7. Iwe ile isiyo na manukato. Kila koki ifunguliwe hadi harufu ya klorini itoke, yaachwe usiku kucha, kisha yamwagwe nje, yasielekezwe kwenye shimo la choo, kwa kuwa yataua bakteria wanaooza taka. Maji hayo hayanywewi wala kuogewa. Na yeyote asichanganye dawa hiyo na ile ya kusafishia choo yenye asidi, kwa sababu hutoa gesi ya klorini inayounguza mapafu.

#23 Bi Shomvi

Lita 7 za dawa, fimbo ya hita, kipimo cha maabara, bomba la kupumulia. Sasa naelewa kwa nini mama mwenye nyumba alichagua maelezo ya makochi.

#24 Mpangaji wa Kibada

Nimecheka, lakini hilo ndilo linaloendelea hapa. Mama amekubali kulipia fimbo ya hita kwa kuwa hita ni yake, ila bomba la kupumulia anasema nyumba imekaa miaka mingi bila hilo na haikufa.

Vipimo vipya ni hivi. Hita ni ya tanki na ina joto la chini, kwani sisi ndio tuliolishusha. Maji ya moto yananuka kuliko ya baridi, tena mchana kutwa. Ila maji ya baridi ya beseni hilohilo nayo yananuka asubuhi, hata koki ya moto ikiwa haijaguswa. Siku za maji ya mamlaka harufu hupungua lakini haiishi. Kuhusu trapu, nilimulika tochi na mwanangu akavuta maji ya choo: maji yalitikisika na kugugumia, ila sikuona yakishuka. Usiku tulizima feni na harufu ilikuwa ndogo, ingawa haikuisha.

#25 Mtu wa Muscat

Feni, kama nilivyosema. Acheni upenyo chini ya mlango wa bafu na mtenganishe swichi ya feni na ya taa.

#26 Fundi Mstaafu

Feni inaongeza, haianzishi. Maji yanayogugumia yanaomba pumzi, na yakitikiswa mara nyingi kwa siku hupungua kidogo kidogo hata kama jicho halikuona. Ila sikatai kwamba ufa unaweza kuwapo pia. Weka alama ya kalamu kwenye kipande cha mrija, kitumbukize jioni, usitumie choo cha upande huo, kisha pima asubuhi.

#27 Hita Imezimwa

Na maji ya baridi ya beseni yanayonuka asubuhi yasiwafanye mwiondoe hita kwenye orodha. Koki ya kuchanganyia ikiwa na mpira uliochoka, maji ya hita huvuja polepole usiku kuingia kwenye bomba la baridi. Fungeni valvu iliyo chini ya hita wakati wa kulala, mnuse asubuhi.

#28 Mpimamaji

Wafunge, sawa, lakini kisima kilinuka kabla ya hita yoyote. Mngeweza pia kulifanya bomba linaloingiza maji tankini limwage kwa juu kama bomba la mvua badala ya kuzama ndani ya maji, ili gesi itoke hewani. Mfuniko uwe na matundu yenye wavu wa mbu.

#29 Mzee wa Mji Mwema

Na mkishapanda kwenye mnara kutazama mfuniko huo, tazameni pia bomba la kupumulia la nyumba ya jirani limeishia wapi. Kuna nyumba mtaani kwetu ambayo bomba la jirani lilipulizia moja kwa moja kwenye tanki lao, na kila mtu alikuwa akichimba chini.

#30 Mpangaji wa Kibada

Mnara wetu umeegemea ukuta wa jirani, na kuna bomba nyeupe limechomoza upande wake chini kidogo ya usawa wa mfuniko. Sijawahi kujiuliza ni la nini. Jumamosi jirani atakuwepo, nitamuuliza, na usiku wa leo nafunga valvu ya hita.